Huduma Ikihama, Jina Lako Linahama Nayo?

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka chini ya sauti)

Msikilizaji wa Kakuma 1 hadi 4 na wa kule Kalobeyei! Leo naongea na wewe mwenye ulemavu, na wewe mama, baba, shangazi unayemlea mtoto mwenye ulemavu. Wengine msizime redio. Mtaona mbele kwa nini.

Tangu Rais wa Kenya alipozindua Mpango wa Shirika mwezi Machi 2025, kila mkutano tunasikia neno "kukabidhi". Maana yake, huduma ambazo mashirika yamezibeba tangu kambi hii ifunguliwe mwaka 1992 zinatakiwa kwenda polepole mikononi mwa serikali. Sitabishana leo kama ni vizuri au vibaya, ubishi huo tunao wa kutosha kwenye foleni ya maji. Swali langu ni dogo: huduma yako ikihama, inaingia ofisi gani?

Kwa sababu serikali si mlango mmoja. Katiba ya Kenya ya 2010 iligawa kazi. Zahanati na hospitali za hapa ziko chini ya Kaunti ya Turkana, na hospitali kubwa ya rufaa iko Lodwar, kilomita kama 120 kutoka hapa. Chekechea ni ya kaunti, lakini mtoto akiingia shule ya msingi anakuwa chini ya Wizara ya Elimu ya serikali kuu. Kuandikisha watu wenye ulemavu ni kazi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kitambulisho chako cha mkimbizi kiko kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, ambayo yenyewe ni mgeni: ofisi iliyokuwepo ilivunjwa 2016, ikaja sekretarieti, kisha Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ikaleta idara hii ya sasa. Milango yote hiyo, na mtoto ni mmoja.

Niwape yaliyotukuta nyumbani. Mdogo wangu anatumia mguu bandia, chini ya goti. Siku moja huduma yake ilitoka ofisi moja ikaenda nyingine. Sitazitaja. Mama alikuwa na tarehe ya kumpeleka kupimwa mguu mpya. Tukafika ofisi ya kwanza, wakasema, "Tumeshakabidhi." Tukaenda ya pili, wakasema, "Jina lake hatunalo." Na wote wawili walisema kweli! Orodha iliyokabidhiwa ilikuwa ya watu wanaosubiri kifaa. Yeye alishapewa mguu zamani, kwa hiyo kwenye daftari alihesabiwa kuwa amemaliza.

Amemaliza vipi? Mtoto anakua, mguu bandia haukui. Ulimbana, ngozi ikachubuka, ikawa kidonda, akauvua, akarudi kwenye magongo. Shule iko mbali na mchanga ni mwingi, akaanza kubaki nyumbani. Miezi mitano. Kilichotusaidia ni karatasi ya kliniki ambayo mama aliihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, yenye tarehe, vipimo na neno "arudi". Ofisi ya pili walipoiona, walimwandika siku ile ile.

Kwa hiyo, msikilizaji, usingoje siku ya kukabidhi. Nenda sasa, wakati wanaokujua bado wapo kwenye meza zao. Omba nakala ya ripoti ya daktari na karatasi inayoonyesha ulipewa kifaa gani, lini, na urudi lini. Ipige picha kwa simu, hata ya jirani. Angalia jina lako: kama kadi ya chakula inasema Mwamini na hospitali waliandika Amini, omba lirekebishwe leo, maana ofisi mpya itadhani ni watu wawili. Halafu uliza swali ambalo sisi hatukuuliza: "Jina langu liko kwenye orodha mnayokabidhi, na pembeni yake mmeandika nini?" Wakisema umemaliza na wewe bado unahitaji marejeo, kiti cha magurudumu kinahitaji matairi, au mashine ya masikio inahitaji betri, usiondoke mpaka waandike hivyo.

Usione aibu kuuliza. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 11 kinataja hata hali za vita na dharura za kibinadamu.

Nanyi wa maofisini mnaotusikiliza, ombi langu ni moja. Kabla ya kufunga daftari la zamani, bandikeni kwenye mbao za matangazo za kila bloku jina la ofisi mpya, iko wapi, na siku gani ipo wazi. Mtu anayetembea kwa magongo hawezi kwenda kuulizia mlango kwa mlango.

Sasa nyinyi niliowaambia msizime redio. Jirani yako kiziwi hajasikia hata neno moja la kipindi hiki. Mama asiyeona hatasoma tangazo ubaoni. Leo jioni pita kwao, mweleze, na kama anataka kwenda ofisini, mfuate.

Ukienda na ukajibiwa, jibu zuri au baya, njoo utuambie hapa studio. Wiki ijayo, saa hii hii, tutasoma majibu hayo hewani.

(Muziki unapanda)