Tumjue Mtetea Tangu Siku ya Kwanza

(Maneno ya akina mama wafugaji, Temeke, katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka 10 tukiwa bado tunaweka, tunakopa na tunarejesha. Sisi wafugaji tumepewa nafasi ya kusema machache, nasi tutasema jambo moja: mkopo wa kuku wa mayai hulipwa na mtetea, haulipwi na jogoo.

Vifaranga wakianguliwa, karibu nusu huwa majogoo. Mama akichukua vifaranga 100 wasiochaguliwa, ajue kama 50 watakula pumba na dagaa bila kutaga hata yai moja. Mtetea mwenyewe huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20 hivi, na marejesho hayangoji. Wapo wenzetu waliouziwa boksi wakaambiwa, "Hao wote mitetea, mama." Baadaye banda zima likawika! Na pesa ile ni hisa zetu sote.

Bahati nzuri, rangi inaweza kutuambia mapema. Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto awe wa kike au wa kiume (akina baba mpo?). Kwa kuku anayeamua ni mama. Tena zipo rangi ambazo mtetea huwarithisha watoto wake wa kiume tu, binti hapati. Hapo ndipo alama inapotoka.

Kuku wengi wa mayai wa rangi ya kahawia wamezalishwa hivyo. Siku ya kwanza tu, kifaranga wa kahawia ni mtetea, na wa njano iliyopauka ni jogoo.

Anayetaka kutotolesha mwenyewe achukue jogoo mwekundu wa Rhode Island Red na mitetea ya Plymouth Rock, ile yenye michirizi myeusi na myeupe. Vifaranga wote watatoka weusi. Mwenye doa jeupe kichwani ni jogoo, asiye na doa ni mtetea.

Lakini tuangalie mambo matatu. Kwanza, ukigeuza, baba awe wa michirizi na mama mwekundu, wote watakuwa na doa na hutajua yupi ni yupi. Pili, alama hii ni ya uzao wa kwanza tu. Ukiwazalisha chotara hao wenyewe kwa wenyewe, inapotea. Tatu, jogoo wa jirani asiingie. Mitetea iliyokwisha kukutana na jogoo mwingine itengwe wiki 3 kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha. Kuku wetu wa kienyeji wana rangi mchanganyiko, hivyo kwao tusitegemee alama hiyo.

Huko Uingereza, Profesa Punnett wa Cambridge na mwenzake Pease walikwenda mbali zaidi. Walizalisha aina kama Legbar, ambazo alama yake inarudi kila uzao: kifaranga wa kiume amepauka, wa kike ana rangi iliyokolea. Maana yake elimu hii si uchawi, ni ya kujifunza.

Kwa hiyo tunapendekeza: fomu ya mkopo wa kuku wa mayai itaje idadi ya mitetea, si idadi ya vifaranga, na boksi lifunguliwe mbele ya wanachama wawili kabla ya kulipa. Majogoo nao wasitupwe. Watengwe, walishwe, wauzwe Idi na Krismasi. Na wote, jike kwa dume, wapate chanjo ya kideri, maana kideri hakichagui.

Akina mama, haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kisiwe kimetoboka. Tukihesabu mitetea mapema, mfuko wetu utafika miaka mingine 10.