Radhi na Sindano: Maisha ya Mwanamieleka Asiye na Mwajiri

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena, sisi wa hapa Uingereza pamoja na ndugu waliotoka Maskati, Dubai na Toronto. Kamati iliniomba nizungumze juu ya kazi na riziki ugenini. Huenda ilitarajia nizungumzie pensheni, kwa kuwa nimekuwa mtumishi wa serikali tangu ujana wangu, kwanza Unguja na kisha hapa. Mtanisamehe. Leo nitazungumza juu ya mieleka.

Sababu yake wengi wenu mnaijua. Mpwa wangu, aliyeketi pale nyuma akijikinga kwa nguzo, amemaliza masomo yake na ameamua kuwa mwanamieleka. Hakuna kampuni iliyomwajiri. Hupigana katika kumbi za miji midogo siku za Ijumaa na Jumamosi, hulipwa kwa usiku mmoja mmoja, na nauli hujitolea mwenyewe. Mama yake alilia. Wazee wakanituma nikamkanye.

Nilikwenda na maneno yaliyopangwa vizuri. Nilianza na methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikatambua papo hapo kwamba kwa kazi yake huyu, kuvunjika guu ni hatari ya kila wiki na methali haimtishi. Alinimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniwekea picha mezani. Akasema, "Mjomba, kabla hujanihukumu, itazame hii."

Picha hiyo ilipigwa mwaka 1973 na Dennis Hutchinson, katika mgodi wa makaa ya mawe kusini mwa Wales. Ndani yake amesimama mwanamume mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu, uso umepakwa vipodozi, mavazi yanameremeta kama ya bibi harusi. Kando yake yupo mzee aliyevaa nguo za kazi za mgodini. Yule wa vipodozi ni Adrian Street, mwanamieleka. Yule mzee ni baba yake mzazi.

Wazee wangu, naomba msishtuke, bali mnisikilize.

Adrian Street alizaliwa mwaka 1940 katika mji mdogo wa Brynmawr, mahali ambapo mtoto wa kiume alimfuata baba yake shimoni bila ya kuulizwa. Naye aliingia mgodini akiwa bado mvulana, na akauchukia. Alipofika umri wa miaka 16 aliondoka kwenda London, na mwaka 1957 akapigana pambano lake la kwanza la kulipwa. Hakuwa mrefu. Alipoanza kuvaa nguo za kung'aa, watu walimzomea na kumwita kila jina. Badala ya kuziacha, akazidisha: akaongeza wanja, akaongeza manyoya, akawa anawabusu wapinzani wake ili kuwakasirisha. Alikuwa ameitambua siri ya biashara yake, kwamba aliyelipa kiingilio ili azomee amelipa sawasawa na aliyelipa ili ashangilie.

Ni kweli kwamba katika mieleka ya kulipwa mshindi hupangwa kabla. Lakini anguko halina mpango. Sakafu ya ulingo ni mbao zilizofunikwa kwa godoro jembamba na turubali, na mgongo unaobwagwa juu yake mara kadhaa kwa usiku, kwa miaka mingi, hauulizi ni nani aliyepangiwa kushinda. Sisi watumishi wa serikali tukistaafu hupewa kiinua mgongo. Mwanamieleka asiye na mwajiri hustaafu na mgongo usioinuka, wala hakuna wa kumpa kitu.

Nilipofika nchi hii mwaka 1986, mieleka ilikuwa bado ikionyeshwa na ITV mchana wa Jumamosi. Mwaka 1988 kipindi hicho kilifutwa, na waliokuwa wameegemea televisheni peke yake wakabaki bila ya nguzo. Street hakuwamo miongoni mwao. Mapema katika miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kuhamia Marekani. Wakati ule nchi hiyo ilikuwa imegawanywa baina ya waandaaji wa mieleka, kila mmoja na eneo lake, na mwanamieleka alikwenda eneo moja kwa miezi kadhaa, watazamaji wakimzoea akafunga virago. Sisi tuliokwisha kuhama tunayajua maisha ya namna hiyo.

Kilichomwokoa, ndugu zangu, ni sindano. Yeye na mwenzake Linda, aliyefuatana naye ulingoni na baadaye akawa mkewe, walijitengenezea mavazi yao wenyewe. Walipotulia Gulf Breeze, katika jimbo la Florida, waliifanya kazi hiyo kuwa biashara, wakiwashonea wanamieleka wengine. Akafungua na skuli ya kuwafundisha vijana mieleka. Kwa hiyo nguvu zilipopungua, mkono ulikuwa na la kufanya. Alipanda ulingoni kwa mara ya mwisho mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 73. Mwaka 2018 alirudi kwao Wales, na huko ndiko alikofariki mwaka 2023.

Hayo nilimweleza kijana kwa furaha, nikidhani nimepata hoja yangu: jifunze kushona! Akaniambia kwa adabu, "Nimekusikia, Mjomba. Lakini usimtazame mwana. Mtazame baba."

Nikamtazama. Nimeitazama sura ile mara nyingi tangu siku hiyo, na mpaka leo siwezi kuwaambieni kama mzee yule anaona fahari au anaona haya. Street mwenyewe alisimulia kwamba baba yake hakuwahi kumwamini, na kwamba alirudi mgodini siku ile ili awaonyeshe baba yake na wachimbaji wenzake amekuwa nani. Kutoka mwaka 1957 hadi 1973 ni miaka 16. Miaka 16 mtoto amebeba neno ambalo hakuambiwa, na alipokwenda kulitafuta ilimbidi aende na mpiga picha.

Ndugu zangu, sisi sote hapa tuliondoka nyumbani. Wengine tulitiwa ubani na kuombewa dua, wengine tuliondoka usiku bila ya kuaga. Tunajua tofauti ya safari hizo mbili. Basi isiwe sisi, tuliokuwa na njaa ya radhi, tukawanyima watoto wetu.

Wala radhi si maneno matupu. Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. La kwanza, mfuko wa ukoo umlipie kijana huyu nusu ya bima ya ajali kwa mwaka mmoja, na nusu ya pili alipe mwenyewe. Aliyejiajiri hana karani wa kumkatia michango yake. Fomu zote nitazijaza mimi, maana ndiyo mieleka niliyoicheza miaka yote. La pili, tufanye safari tukamtazame, angalau mara moja, wote tunaoweza.

Nawe mwanangu, toka nyuma ya nguzo. Radhi yangu unayo, na mama yako ameniruhusu niseme kwamba yake pia unayo, ingawa ameapa kufumba macho. Deni lako kwetu ni moja. Sindano yako bado hujaipata. Si lazima iwe ya kushonea. Iwe kazi yoyote ambayo mikono yako itaifanya siku mgongo utakapokataa, na mkutano ujao utusimamie hapa utuambie ni ipi.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na viungo vyako, na atulinde sisi sote.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.