MCHEZO WA SIMU NA URITHI WA WAZEE

Mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo yafaa ikumbukwe sasa, wakati vijana wengi wanatazama zaidi simu zao kuliko nyuso za wazee wao.

Ipo michezo ya simu isiyochezwa kitini. Simu hutambua mahali ilipo kwa msaada wa setilaiti, na mchezaji hana budi kutembea kutoka kituo hadi kituo ili afunguliwe swali au hadithi ya mahali hapo. Asili ya chombo hicho ni jeshini. Setilaiti za kwanza za aina hiyo ni za majeshi ya Marekani, na raia waliacha kupunguziwa usahihi wake mwezi Mei 2000.

Je, michezo hiyo inafundisha? Mjini Amsterdam, wanafunzi 458 walipimwa: baadhi walijifunza historia ya mji huo kwa mchezo wa barabarani, wengine kwa masomo ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa waliocheza walijua zaidi, lakini hamu yao ya somo la historia haikuwazidi wenzao.

Fundisho hilo linaihusu Ediofe. Simu yaweza kumwongoza kijana hadi kanisa kuu la Jimbo la Arua, jimbo lililoundwa mwaka 1958. Lakini juu ya mlima Wati, na Liru ulio karibu na Koboko, ambako simulizi za Walugbara huwataja mababu Jaki na Dribidu, simu haina la kusema mpaka mzee aulizwe kwanza. Kipimo cha haki si pointi za mchezaji, bali yale atakayoweza kumsimulia mdogo wake majuma kadhaa baadaye, simu ikiwa imezimwa. Tena alinganishwe na kijana aliyetembezwa na mzee bila simu.

Lipo pia suala la usalama. Mwezi Julai 2016, Mfaransa mmoja alizuiliwa nchini Indonesia kwa kuingia eneo la jeshi akifuata mchezo wa Pokémon GO. Hakuwa jasusi. Basi vituo vya mchezo viwekwe mbali na kambi na makaburi ya ukoo, na wenye mamlaka waarifiwe mapema. Naye askari wa zamu amhoji kijana kwa utulivu kabla ya kumdhania ubaya.

Wazee wenye simulizi hizo hawataishi milele. Wasikilizwe na kurekodiwa sasa, ndipo mchezo utengenezwe.