Usalama wa mtandao unataka mtu wa tabia gani?

(Mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa chama, Butiama. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)

Ndugu zangu vijana wa Butiama, na nyie mliotoka Bunda na Musoma mjini asubuhi asubuhi, poleni na safari. Nimeombwa niongee juu ya kazi ya usalama wa mtandao. Hapo nje kuna kijana kaniuliza, "Kaka, mimi hesabu nilipata F, si nirudi tu nyumbani?" Nikamwambia akae kwanza.

Hesabu inasaidia, siwadanganyi. Lakini hii kazi nimeifanya Mwanza miaka saba, na wengi niliowaona wakishindwa walikuwa na vyeti vizuri tu. Kilichowashinda ni tabia.

Mwaka 1986 kule California, Marekani, kulikuwa na bwana anaitwa Cliff Stoll. Alisomea mambo ya nyota. Fedha za utafiti wake zilipoisha akahamishiwa kwenye kompyuta za maabara ya Lawrence Berkeley. Hesabu za matumizi ya kompyuta zikapishana kwa senti 75. Senti 75! Wengi wetu hapa tungesema achana nazo. Yeye hakuacha. Aliandika kila kitu kwenye daftari, akalala chini ya meza ofisini akimvizia mgeni wake, na baada ya karibu mwaka mzima alimfikia mdukuzi aliyekuwa Hannover, Ujerumani, akiuza siri kwa KGB ya Wasovieti. Kwa hiyo wewe ambaye nyumbani wanakuita msumbufu kwa sababu chenji ikipungua shilingi mia huli mpaka ujue imeenda wapi, njoo tuongee.

La pili ni kutoharakishwa. Mama yangu mdogo anauza dagaa. Siku moja akapigiwa simu: mwanao kapata ajali, tuma laki mbili sasa hivi daktari aanze. Sauti ya mtu mzima, yenye huruma kabisa. Mama akauliza swali moja tu, "Mwanangu yupi?" Simu ikakatwa. Darasa la saba yule, lakini swali lake ndilo tunalowafundisha wahitimu wa chuo. Tapeli anachokipiga vita ni ile dakika moja ya kufikiri. Ukiona ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unajua mwenyewe hakuna hela mliyoongea. Usimjibu wala usimtukane, ripoti namba yake 15040 uendelee na shughuli zako.

La tatu ni gumu, na linanihusu. Kuna wakati orodha ya wanachama wa kata moja, majina, namba za simu na za vitambulisho, ilirushwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili. Aliyeirusha ni mimi. Nilikuwa naituma kwa katibu, kidole kikateleza. Nikaona, nikaogopa kuchekwa, nikanyamaza siku mbili. Mimi, mtaalamu wa usalama! Ningesema palepale ingefutwa na watu wangeonywa. Siku ya tatu wanachama wakaanza kupigiwa simu na watu wasiowajua. Mpaka leo siwezi kusema ni orodha ile au siyo, na hilo ndilo linaloniuma. Mtu asiyeweza kusema "nimekosea" ndani ya dakika kumi, hii kazi asiiguse. Na sisi kama chama tusijitoe: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hatuwezi kuidai serikali iiheshimu huku daftari letu linazagaa kwenye simu za watu.

Halafu kuna kutunza siri. Mnamjua Maxence Melo wa JamiiForums. Desemba 2016 alikamatwa, polisi wakitaka taarifa za watu walioandika kwenye jukwaa lake. Akafunguliwa kesi Kisutu chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Aprili 2020 alitiwa hatiani kwenye moja ya kesi hizo kwa kuzuia uchunguzi: faini milioni tatu au jela mwaka mmoja. Unaweza kubishana naye kwa mengi, mimi mwenyewe nimewahi. Ila watu waliomwamini na majina yao hakuwatoa. Sasa jiulize wewe. Utashika nywila za benki, mafaili ya hospitali, meseji za mkuu wako wa kazi. Ukikuta barua pepe ya jirani yako, utaisoma? Kama kwenye kijiwe cha kahawa wewe ndiye gazeti la mtaa, tafuta kazi nyingine, uandishi wa habari upo.

Yule kijana wa F bado amekaa pale nyuma, namwona. Kompyuta zipo mbili tu, tutapeana zamu baada ya chakula. Kwa sasa kila mtu atoe simu, apige *106#, aangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, nyoosha mkono, tuanze na wewe.