Nyasi za Nani?

Msikilizaji, ukitaka kujua kama aliyechora mtaa aliwahi kulea mtoto, simama kwenye dirisha la jikoni. Unaona nini? Watoto wanaocheza, au ukuta wa jirani na matangi ya maji?

Kaloleni, hapa Nairobi, ilichorwa na mtu aliyejiuliza swali hilo. Ni mtaa wa miaka ya 1940, uliojengwa kwa wafanyakazi Waafrika na familia zao, kwa kufuata fikra za Mwingereza Ebenezer Howard za mji-bustani. Nyumba ni za chini, paa za vigae, nazo zimezunguka viwanja vya nyasi. Mtoto akianguka, mama zaidi ya mmoja anamwona.

Lakini nyasi zile zilikuwa mali ya baraza la jiji. Mpangaji hakuwa na sauti juu yake. Familia zikakua, vyumba vikabaki vilevile, na vibanda vya mabati vikaanza kusogea uwanjani. Siwalaumu waliojenga. Kijana wa miaka ishirini atalala wapi?

Sasa twende Denmark. Mwaka 1972 familia 27 zilihamia Sættedammen, karibu na mji wa Hillerød. Kila familia ina nyumba yake na jiko lake, na kuna nyumba moja ya wote, ambamo majirani hupika kwa zamu na kula pamoja. Bustani iko katikati, magari yanaachwa pembeni. Waliohamia ndio waliokaa kwanza na wasanifu, wakabishana miaka kadhaa kabla ya jiwe la kwanza. Mabishano hayo ndiyo ninayoyasifu kuliko nyasi zenyewe. Nani atafyeka? Nguo zianikwe wapi? Mbwa je? Nani analipia maji ya kumwagilia mwezi wa ukame? Maswali haya yasipoulizwa mapema, yanamwangukia mlinzi wa getini, naye jibu lake ni kibao: usikanyage nyasi.

Wajenzi wetu wengi huanza na ghorofa, kisha maegesho, kisha kabro. Ardhi inayobaki, upana wa kitanda, huitwa bustani. Na mnunuzi anakubali, kwa sababu kwenye picha ya tangazo kuna miti.

Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa nyumba za ghorofa inasema sehemu za pamoja ni za wenye nyumba wote, kila mmoja kwa fungu lake, nao huziendesha kupitia chombo chao. Hiyo ni nguvu ambayo mpangaji wa Kaloleni hakuwa nayo. Basi kabla hujalipa amana, omba ramani iliyosajiliwa, si ile ya rangi wanayokupa maonyeshoni. Tafuta ile nyasi. Angalia kama imeandikwa sehemu ya pamoja, au imeandikwa awamu ya pili.