Mgeni aliyejificha ndani ya jiwe

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni ambaye hakualikwa, aliyekuja amejificha ndani ya mzigo, naye tumpokee vipi? Swali hilo huwasumbua watu wanaofuga samaki wa bahari na matumbawe katika matangi ya kioo majumbani mwao, kazi yenye wapenzi wengi huko Ulaya na Marekani, na ndilo ninalotaka kulizungumzia leo.

Wafugaji hao huweka tangini mawe ya matumbawe yaliyotoka baharini. Ukilitazama, utadhani ni jiwe tu. Kumbe ndani ya matundu yake wamo abiria: minyoo, kaa, konokono, kamba, na vipande vya mwani. Usiku taa zikizimwa hutoka kutafuta riziki, na asubuhi mwenye tangi hukuta dalili tu.

Wengi humhukumu mgeni kwa sura. Mimi nasema sura hudanganya. Yupo mnyoo mrefu mwenye vinyoya vikali ubavuni; anatisha, na ukimshika kwa mkono mtupu atakuchoma. Hata hivyo, mara nyingi huyo ni mfagizi. Hula mabaki ya chakula na mizoga ambayo ingeoza na kuchafua maji. Wakizaliana kupita kiasi, basi aulizwe mwenye tangi anamwaga chakula kiasi gani.

Sasa mtazame mwingine, mzuri kama ua dogo la rangi ya kahawia, aitwaye aiptasia. Huyo ndiye adui. Minyiri yake huyachoma matumbawe ya jirani, na ukimponda, kipande kinachobaki huweza kukua kikawa aiptasia mwingine.

Kaa nao si kundi moja. Wapo wanaomega nyama ya tumbawe. Lakini yupo kaa mdogo wa jamii ya trapezia, anayeishi katikati ya matawi ya tumbawe, hata katika miamba ya pwani yetu, naye humfukuza kiti cha pweza mwenye miiba anapokuja kulila tumbawe hilo. Kwa hiyo mgeni apimwe kwa matendo. Jiwe jipya liwekwe kwanza katika chombo cha peke yake, chenye maji ya chumvi yaliyo vuguvugu, kwa majuma kadhaa, na litazamwe usiku kwa tochi.

Aidha, liko jambo kubwa zaidi: mgeni mwema tangini aweza kuwa janga baharini. Mwani uitwao Caulerpa taxifolia ulipendwa na wenye matangi kwa sababu unapendeza, haufi upesi na hunyonya uchafu wa maji. Mwaka 1984 ulionekana baharini chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, eneo la kama mita moja ya mraba. Baadaye ukatapakaa maelfu ya hekta katika Bahari ya Mediterania. Mwaka 2000 ulikutwa katika hori moja karibu na San Diego, Marekani. Waliufunika kwa maturubai na kutia klorini chini yake, na ni mwaka 2006 tu walipotangaza kuwa umekwisha, baada ya mamilioni ya dola kutumika.

Wakazi wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa hawahitaji mwalimu katika hili. Kunguru huyu anayetunyang'anya chakula na kuvamia viota vya ndege wengine aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale takataka. Alikuja mfagizi, akageuka bwana.

Basi mwenye tangi, popote alipo, maji, mwani na mawe asiyoyataka asiyamwage baharini wala kwenye mtaro uendao baharini. Mwani ukaushwe kabisa kabla ya kutupwa. Amjue mgeni wake kabla ya kumuua, na amjue vilevile kabla ya kumfungulia mlango.