Mchumba Hatafutwi Penye Kutafutwa Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya mtumishi wa umma na mitandao. Mengi mnayajua. Nitasema moja tu, nalo lilinipata mimi mwenyewe.

Mnaujua mtandao wa LinkedIn, uliofunguliwa mwaka 2003. Mtu huandika humo elimu yake na kazi alizozifanya, akaweka na picha, ili wenye kazi wamwone. Kanuni zake zinakataza kuutumia kwa kutafuta wapenzi. Mimi sikuzisoma. Mke wangu alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na nyumba ilikuwa kimya. Usiku mmoja nikaona picha ya dada mmoja, mkadiria majenzi. Nikamwandikia kumpongeza kwa kazi zake. Kisha nikaongeza: "Je, dada, una mwenyewe?"

Alijibu baada ya siku mbili: "Kaka, kampuni yangu imeomba zabuni ofisini kwenu. Nikujibu kama mwanamke, au kama mwombaji?"

Nami, ndugu zangu, nilikuwa mjumbe wa kamati ya kupima zabuni ile ile.

Sikulala. Nia yangu haikuwa mbaya, lakini yeye angeijuaje? Akinikubali, ataambiwa amenunua zabuni. Akinikataa, ataogopa kuikosa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki. Mimi sikudai kitu. Lakini nilikuwa nimesimama karibu kabisa na mlango huo, wala sikujua.

Asubuhi nilimwomba radhi, nikamweleza mkubwa wangu wa kazi, nikatoka katika kamati. Aibu niliiona. Aliyeshinda zabuni sikumwulizia.

Wazee wetu walituma mshenga, nasi vijana tukaona ni mambo ya kale. Leo naiona busara yake: binti aliweza kusema hapana, na kesho yake akaamka hakupungukiwa na kitu. Hata sisi hapa, tulipowaandikia wasichana wa shule ya jirani barua zilizonyunyiziwa poda, hakuna aliyeandika barua yake juu ya karatasi ya mtihani. Tulijua kila karatasi na kazi yake.

Ndugu zangu, siwakatazi wapweke kutafuta wenzi. Mimi mwenyewe bado natafuta. Nawaomba tu, kabla hujaandika, ujiulize: huyu akinikataa, atapoteza nini? Ukiona kuna kitu atakachopoteza, zima simu yako, ulale.